Aliye Nyuma Kwenye Foleni

Kabla ya mwaka 2020, meza ya chakula kwenye sherehe za kwetu Nyakitonto, mkoani Kigoma, ilikuwa na mlinzi mmoja tu, na mlinzi huyo alisimama kwenye nyama. Ugali mtu alijikatia kwa kadiri ya njaa yake. Wali alijipakulia, maharage alichota, kisamvu kilichoungwa kwa mawese alichota, kabichi na ndizi vivyo hivyo. Mwisho wa meza ndipo alipomkuta mama mmoja aliyeaminiwa na kamati, mara nyingi shangazi asiyeona haya kumnyima hata shemeji yake, ameshika kijiko kirefu. Alikutazama usoni, akatazama sahani yako, akakuwekea vipande viwili na mchuzi. Hakuna aliyenung'unika. Nyama ilikuwa imepigiwa hesabu tangu kikao cha kwanza cha kamati, mbuzi kwa idadi ya wageni, na kila aliyesimama kwenye foleni alilijua hilo. Vingine vyote viliachwa mikononi mwa watu.

Siku hizi kila sufuria ina mlinzi wake. Vijana wamejipanga nyuma ya meza na fulana za rangi moja. Barakoa zilishatoka usoni zamani, vijiko havijatoka mikononi. Mmoja ni wa wali, mwingine wa maharage, mwingine wa mboga. Mgeni anapita mbele yao kimya, na sahani inajaa kwa kipimo ambacho hakukipanga yeye. Akitaka maharage zaidi inabidi aseme, na wengi wetu tunaona aibu kusema mbele za watu, basi tunanyamaza. Asiyependa kabichi naye anabaki nayo mpaka kwenye kiti, anaiacha pembeni mwa sahani, na jioni inamwagwa.

Hilo ndilo ninaloliombolezea hapa. Ni jambo dogo, najua. Katika miaka ile ya korona watu walizikwa bila kuagwa, na siwezi kuuweka upawa kwenye mizani moja na roho za watu. Ila misiba mikubwa huifunika midogo, na ule mdogo usipoliliwa kwa wakati wake unapotea pamoja na kumbukumbu ya kwamba palikuwa na kitu. Naona tunavyolisahau jambo hili haraka, hata vijana waliozaliwa hapa hapa wanadhani sherehe zimekuwa hivi siku zote.

Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alitangaza kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana nchini, msafiri aliyetua Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro akitokea Ubelgiji. Kesho yake Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alitangaza kufungwa kwa shule. Mikusanyiko, michezo na matamasha vikasimamishwa. Nyumba za ibada zikabaki wazi. Kwetu, katikati ya Kasulu na Kibondo, ugonjwa ulitangulia kufika kwa redio. Kisha zikafika ndoo. Ndoo yenye koki na kipande cha sabuni iliwekwa mlangoni pa zahanati, mlangoni pa kanisa, mlangoni pa msikiti, mlangoni pa mgahawa wenye meza tatu na benchi moja. Mafundi cherehani waliacha magauni wakashona barakoa za vitenge. Mabasi ya kwenda Kasulu, yaliyozoea kubeba watu hadi mlangoni, yakaanza kuondoka kwa levo siti. Takwimu za taifa zilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, zikakaa hapo kwa miezi mingi, na sisi tukaendelea kuhesabu kwa njia yetu, kwa misiba ya majirani na kwa moshi wa majani ya kujifukiza uliotoka kwenye nyumba ambazo jana yake hazikuwa na mgonjwa.

Salamu ndiyo iliyoumia kwanza. Sisi ni Waha, na Muha hasalimii akiwa anapita. Mwakeye ya asubuhi ina safari yake ndefu, ya watu wa nyumbani, ya watoto, ya mifugo, ya shamba, na katika safari hiyo mikono imeshikana au viganja vinapigwa taratibu kwa heshima ya mkubwa. Tukafundishwa kugusana viwiko. Niliona wazee wakijaribu, mmoja ameinua kiwiko na mwingine amekwisha nyoosha mkono, kisha wote wawili wanashusha mikono na kuinamisha vichwa. Salamu ile imerudi. Ilikaa nje msimu mmoja ikarudi yenyewe bila kuitwa, kwa sababu haina gharama. Neno hili la gharama nitalirudia.

Vyuo vilifunguliwa tarehe 1 Juni, shule zote tarehe 29 Juni, Rais John Magufuli akasema maombi ya taifa yamejibiwa, na harusi zilizokuwa zimeahirishwa zikaanza kufuatana Jumamosi kwa Jumamosi. Kwetu kiangazi ndicho wakati wake hata katika mwaka wa kawaida: maharage yamekwisha purwa, mahindi yako ghalani, barabara hazina tope. Meza ya chakula ikatolewa tena uani chini ya turubai, na nyuma yake wakasimama vijana wenye glavu. Hakuna aliyetuamuru. Hapakuwa na bwana afya aliyekuja kusema wageni wasiguse upawa. Tulikuwa tumeona kwenye simu na kusikia kwa waliotoka Dar es Salaam na Mwanza kwamba ndivyo inavyofanyika sasa, tukafanya hivyo, na mwaka ule mimi mwenyewe niliona ni sawa. Aliye na mama mzee nyumbani hakuwa na sababu ya kubishana na glavu.

Kabla ya meza kulikuwa na sinia. Nimekulia kwenye sinia, na wengi wa rika langu katika nyanda hizi wamekulia hapo. Ugali wa muhogo uliwekwa katikati, bakuli la maharage au la dagaa pembeni yake, na duara ikakaa: wanaume duara yao, akina mama yao, watoto yao. Aliye mdogo kuliko wote alizunguka na birika na beseni kuwanawisha wakubwa. Mkono wako ulijua mpaka wake. Ulimega upande uliokuelekea, hukuvuka kwenda upande wa mwenzako, hukuchovya kabla ya mkubwa kuchovya, na kipande cha nyama kilichokaa juu kabisa hukukigusa mpaka mtu mzima amekigawa. Kama katika duara kulikuwa na mgonjwa au mzee mwenye meno machache, mwendo wa duara nzima ulipungua ili naye ashibe, na hakuna aliyetamka kwamba tunapunguza mwendo. Kuna methali inayotuonya kwamba ukila na kipofu usimguse mkono. Nimesikia ikielezwa kwa namna nyingi; mimi niliielewa kwenye sinia, kwamba mwenzako asiyeona anaishi kwa kuuamini mkono wako, na imani hiyo haivumilii hata mguso mmoja wa hila.

Meza ya kujipakulia ilipoingia vijijini pamoja na harusi za kadi na michango, wazee wengine waliilaumu kwamba inawatenganisha watu, kila mmoja na sahani yake kwenye kiti chake. Walikuwa na haki kwa sehemu. Duara ilivunjika. Lakini adabu ya duara haikufa pale. Ilihamia kwenye foleni. Kwenye sinia mwenzako alikuwa mbele yako, unaona vidole vyake. Kwenye foleni mwenzako yuko nyuma yako, humwoni, na bado unatakiwa umfikirie. Nimemwona mama amechota maharage mara mbili, akageuka, akaona foleni imefika mpaka kwenye mwembe, akarudisha nusu ya kijiko cha pili. Nimemwona kijana amefika kwenye wali umebaki nusu ya chini ya sufuria, akachota ukoko wa pembeni akaacha ule mweupe wa katikati. Hakuna aliyewaambia. Na wale waliokuwa nyuma, ambao hawakuona lolote, walikula kwa sababu ya watu hao.

Walafi walikuwapo, na sitaki kuipamba jana kwa rangi isiyokuwa yake. Kila kijiji kilikuwa na mtu wake ambaye sahani yake ilitembea kama kichuguu kutoka mezani hadi kwenye kiti, na kila mtu alimjua. Adhabu yake ilikuwa macho. Alitembea katikati ya viti na kichuguu chake, macho yakimsindikiza, na safari iliyofuata wengine walijirekebisha na wengine hawakujirekebisha. Nadhani hata wao walikuwa na kazi yao kwetu. Mtoto aliyeketi na mama yake aliiona sahani ile, akamtazama mama, mama hakusema kitu, na mtoto alikuwa ameshajifunza.

Majirani zetu wa Rwanda walikuwa na utaratibu wao wa jambo hili hili, ulioenea kwenye migahawa ya mchana ya Kigali na miji mingine. Wanauita mélange. Unalipa bei moja, unapewa sahani moja, unapita mara moja tu, na unachoweza kukisimamisha juu ya sahani hiyo ni chako: wali, ndizi, viazi, maharage, tambi, mchicha, vimepangwa kwa ustadi wa mjenzi. Nyama hapo pia ina mlinzi. Nchi yao ilifungwa kabisa Machi 2020, na migahawa iliporuhusiwa kufunguliwa Mei, ikawa kwa masharti, na kujipakulia hakukuruhusiwa. Mfanyakazi aliyekuwa na nusu saa ya mchana na fedha kidogo, aliyeijua sahani yake na jinsi ya kuijenga, akakuta sahani imekwisha jengwa na mtu mwingine. Mélange inafundisha kitu tofauti na foleni ya harusi yetu, kwa sababu pale chakula kimelipiwa na wa nyuma yako atapikiwa kingine. Bado ilikuwa haki ya mtu kuijua njaa yake mwenyewe.

Nimejiuliza sana kama upawa ulistahili hukumu ile. Mei 2020 shirika la utangazaji la Japani, NHK, lilifanya jaribio. Watu 10 waliwekwa chumbani penye meza ya kujipakulia, na mmoja wao akapakwa mikononi rangi isiyoonekana ila kwa taa maalumu. Baada ya dakika 30 rangi ilikuwa imewafikia wote, na watatu walikuwa nayo usoni. Picha zake zilienea duniani kote, na aliyeziona hakutamani tena kushika kijiko kilichoshikwa na mwenzake. Lakini rangi haihitaji kuwa hai ili ihame, na virusi vya korona vilionekana kusafiri zaidi kwa pumzi kuliko kwa vidole. Aprili 2021 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilieleza kwamba uwezekano wa kuambukizwa kwa kugusa mahali penye virusi ni, kwa jumla, chini ya mara 1 kati ya mara 10,000. Hatari ya sherehe ilikuwa kwenye turubai lililoshushwa pande zote, kwenye wimbo wa kwaya, kwenye kukaa bega kwa bega kwa saa sita. Vile vyote tulivirudisha mapema. Tulichokinyima ruhusa ya kurudi ni kijiko.

Kama kuna ugonjwa uliokuwa na haki ya kutunyang'anya vyombo vya pamoja, ni kipindupindu, na huo Kigoma tunaujua kwa jina na kwa sura. Mei 2015 maelfu kwa maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko ya nchi yao walijazana kwenye kijiji cha Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mahali penye mlima nyuma na maji mbele na vyoo vichache. Kipindupindu kikaingia kati yao. Meli ya MV Liemba, iliyoundwa na Wajerumani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilikwenda na kurudi kuwabeba hadi Kigoma mjini, na kutoka huko mabasi yakawaleta katika nyanda zetu, hadi kambi ya Nyarugusu iliyo jirani na Makere. Mwaka ule mabwana afya walizunguka vijijini. Walipiga marufuku beseni moja la kunawia watu wote, kwa sababu mtu wa kumi alikuwa ananawa uchafu wa tisa waliomtangulia. Walisema maji yatiririke. Walifunga vilabu vya pombe ambako bado kulikuwa na watu wa chungu kimoja na mrija wa kupokezana. Wakafundisha kibuyu chirizi, kidumu kilichotundikwa kwenye mti na kuinamishwa kwa kamba inayokanyagwa, na leo kipo nje ya vyoo vingi.

Yale yalikuwa mafundisho ya kweli, yaliokoa watu, na tuliyapokea. Naomba ieleweke kwamba silililii beseni. Ila tazama namna kipindupindu kilivyotufundisha: kilisema nawa kisha kula na mwenzako. Hakikusema usile naye. Duara ilibaki, sinia likabaki, kilichobadilika ni maji. Korona ilipokuja tulikuwa na maji yanayotiririka tayari, tulikuwa na sabuni na desturi ya kuitumia, na tungeweza kumweka kila mgeni anawe kichwani mwa foleni kisha ashike upawa kwa mkono safi. Tuliona ni rahisi zaidi kumwondoa mgeni kwenye upawa.

Nchi hii ya Buha imewahi kupangwa upya na ugonjwa kabla yetu. Miaka ya 1930 serikali ya Waingereza iliwatoa watu kwenye makazi yao yaliyotawanyika ikawakusanya pamoja kwa sababu ya malale, ili misitu yenye mbung'o iachwe bila watu. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, tukakusanywa tena, safari hii kwa siasa ya vijiji. Mara zote mbili watu waliacha makaburi, migomba na majina ya mahali. Mara zote mbili pia walisogezwa karibu zaidi na majirani wasiowachagua, wakajifunza kula nao. Amri ya kukaa mbalimbali ilikuwa ngeni kwetu kabisa, na labda ndiyo maana hatukuijadili. Hatukuwa na kumbukumbu ya kuilinganisha nayo.

Wako watu jirani zetu wanaojua kuliko sisi maana ya kupimiwa. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, kisha Warundi wakaongezeka juu yao. Nduta, upande wa Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015. Katika kambi chakula huja kwa mgao: unga, maharage au kunde, mafuta, chumvi, kwa idadi ya watu walioandikwa kwenye kadi. Mpimaji ana chombo chake, anachota, anasawazisha kwa mkono, anamwaga kwenye mfuko, anaita anayefuata. Hakuna ubaya wowote katika kazi yake. Bila kipimo, mnyonge angerudi na mfuko mtupu. Lakini muulize mtu aliyekulia kwenye mgao anachokitamani, kama nilivyowahi kuwauliza wanaokuja kwenye soko la Makere, na mara nyingi hakutajii nyama. Anakutajia shamba. Anataka siku moja akate mkungu wake na kuamua mwenyewe jioni ile wale wote au waache nusu.

Kuanzia mwaka 2007 maelfu ya Warundi waliokuwa wameikimbia nchi yao tangu mwaka 1972, na ambao walikuwa kwenye kambi za magharibi mwa Tanzania, walihamishiwa Marekani. Nawafikiria watu hao ninaposoma habari za migahawa ya huko. Marekani ilikuwa na migahawa ya kujipakulia kila mji, unalipa mlangoni na hakuna anayepima tena baada ya hapo. Mmojawapo, ulioanzia San Diego mwaka 1978 ukiitwa Souplantation na sehemu nyingine Sweet Tomatoes, ulikuwa na matawi 97 ya supu na mboga za majani. Mei 2020 ulitangaza kuyafunga yote moja kwa moja, kwa sababu mamlaka za afya zilishauri kujipakulia kukome na biashara yote ilisimama juu ya kitendo hicho kimoja. Namfikiria mama aliyetoka kambini, aliyekaa miaka mingi akiinua mfuko wake kwenye chombo cha mpimaji, siku ya kwanza anapewa sahani tupu na kuonyeshwa meza ndefu na kuambiwa chukua. Najaribu kuona alianza na nini. Nadhani alichota kidogo mno, akatazama nyuma.

Kwa nini basi kijiko hakikurudi kwetu, wakati salamu ilirudi, kwaya ikarudi, na basi la Kasulu likajaa tena hadi mlangoni? Nimewauliza wenye kamati na jibu lao ni la haki, siwezi kulipuuza. Wakipakua vijana, chakula kinatosha. Wageni 300 wakialikwa na 380 wakaja, mkuu wa jikoni anawanong'oneza vijana wapunguze kijiko, na wa mwisho anakula kama wa kwanza. Akina mama waliokesha kwenye mafiga wanakuta sahani zao. Wazee wanapelekewa walipoketi. Mchango wa harusi unazidi kuwa mgumu kila mwaka, bei ya mchele na ya mafuta haishuki, na mweka hazina analala usingizi akijua kwamba debe alilonunua ndilo litakaloliwa. Vijana nao wanapata posho. Ugonjwa ulifungua mlango, hesabu ikaingia ikakaa. Ndiyo sababu nimesema juu ya gharama: vilivyorudi ni vile ambavyo havikumpunguzia mtu fedha.

Nakubali kila neno la hesabu hiyo. Kinachoniuma ni kile kisichoandikwa kwenye daftari la kamati. Zamani wa mwisho alikula kwa sababu watu 200 waliomtangulia, mmoja mmoja, walimkumbuka. Sasa anakula kwa sababu mtu mmoja nyuma ya meza amepunguza kijiko. Sahani yake ni ile ile na pengine imejaa zaidi. Wale 200 ndio waliobadilika. Hawahitaji kugeuka kuitazama foleni. Hawana cha kurudisha sufuriani. Wakikuta kijiko ni kidogo wanamlaumu kijana wa fulana, na wakikuta ni kikubwa wanashukuru bahati. Habari ya aliye nyuma imetoka mikononi mwao kabisa, na mtu akitolewa mzigo kwa miaka mitano au sita bega lake linausahau.

Naona dalili zake mahali pengine na sina hakika kama zote ni za chanzo kimoja. Kwenye misiba, ambako zamani sinia liliwekwa na waombolezaji wakakaa chini kulizunguka, sasa tunagawiwa vyombo vya plastiki vyenye mfuniko, na wengine wanaondoka navyo kabla kaburi halijakauka. Kwenye kisima cha mtaa ugomvi wa foleni ya madumu umezidi. Barabara ya lami kutoka Kasulu kwenda Kibondo, ambayo tuliingoja maisha yetu yote, imetuletea wageni wengi na hoteli za kando ya njia, na humo pia sahani inatoka jikoni imejengwa. Huenda vyote hivi vingekuja hata bila korona. Najua tu kwamba korona ilitupa sababu ya heshima ya kuacha jambo ambalo lilikuwa limeanza kutuchosha, kukumbukana bila kuonana.

Wala sitegemei magonjwa yatatuacha. Machi 2023 Marburg ilitangazwa Bukoba, na tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza tena mgonjwa wa Marburg huko Biharamulo, kaskazini mwetu, ng'ambo ya Kakonko. Ndoo zenye koki zilitolewa stoo siku hiyo hiyo. Marburg husambaa kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa, na mbele yake mtu yeyote mwenye akili anakunja mikono. Nitakunja yangu kila itakapotakiwa. Ninachoomba ni kwamba ugonjwa ukishaondoka mtu aulizwe, kwa sauti, kikaoni: kipi kati ya tulivyoviacha tunakirudisha, na nani atagharimia?

Mtoto wa ndugu yangu anaoa kiangazi hiki. Kwenye kikao cha pili cha kamati niliomba wali na nyama vibaki na vijana, kwa sababu mchele ni ghali na nyama tangu zamani ilikuwa na mwenyewe, ila ugali, maharage na kisamvu viachwe wazi, na kidumu cha maji na sabuni kiwekwe pale foleni inapoanza. Mwenyekiti alilipenda wazo. Mweka hazina alifungua daftari, akasema maharage yaliyopangwa ni ya kupimiwa, na wageni wakijichotea yataishia kwenye meza ya ukoo wa bibi harusi kabla ya kufika kwa majirani. Akina mama wa jikoni waligawanyika. Mmoja wao akasema watu wamekwisha sahau kujipakulia, watamwaga. Mjadala ulikwenda mpaka giza. Nimewaambia mchango wangu wasiutegemee kwa fedha. Nitaleta madebe mawili ya maharage ya njano juu ya yale waliyopanga, nimeshayachambua, na kama siku hiyo yatabaki, akina mama wagawane wapeleke nyumbani.